Habari za Kiingereza za wanafunzi nazisikia zote, nikifungua BBC ya kawaida naambulia patupu. Tatizo ni sikio au nini?

Sikio la Kufa (#1)
Wakuu, kwema? Naenda moja kwa moja.

Tangu Januari nasikiliza habari za Kiingereza zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Nilianza na zile za zamani za redio ya Marekani, VOA, nikahamia tovuti ya News in Levels, sasa nipo kwenye vipindi vya dakika sita vya BBC Learning English. Kila siku dakika arobaini: ishirini kwenye daladala ya Gongo la Mboto asubuhi, ishirini jioni (jioni ishirini hugeuka saa nzima, foleni mnaijua). Nasikia karibu kila kitu. Kuna siku nilicheka kabla mtangazaji hajamaliza utani wake, abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Juzi nikajipima. Nikafungua taarifa ya habari ya kawaida ya BBC World Service, dakika tano tu. Nilichopata: "minister", "Thursday", "billion" na jina la mchezaji mmoja. Basi. Nikaenda kusoma habari zile zile kwenye tovuti yao, nikaelewa zote bila kamusi.

Yaani macho yanajua Kiingereza, masikio hayajui. Miezi minane hii nimepoteza muda, au kuna hatua nimeiruka? Nawasilisha.

Pilipili Kichaa (#2)
Jina lako limeshajibu. Sikio la kufa halisikii dawa, litasikia BBC?

Kinuka Mori (#3)
Ngoja wajuzi waje. Nimevuta kiti, na karanga ninazo.

Ngosha wa Kahama (#4)
Tatizo ni kasi, hakuna lingine. Wale VOA walianza mambo ya kusoma polepole mwaka 1962, wanasoma nusu ya kasi ya kawaida. Ukizoea kumfuata kobe, bodaboda ikipita unaona vumbi tu.

Dawa yake panda ngazi. Breaking News English wana habari ile ile imesomwa kwa kasi tano tofauti. Anza ya chini, ukiimaliza nenda ya juu yake. Miezi mitatu mimi nilitoboa.

Mzee wa Masafa Mafupi (#5)
Ngosha, nakurekebisha bila ugomvi. 1962 ni mwaka ilipoanza Idhaa ya Kiswahili ya VOA. Hayo mambo ya kusoma polepole yaliitwa Special English, yakaanza tarehe 19 Oktoba 1959. Na haikuwa nusu ya kasi, ilikuwa kama theluthi mbili. Kasi yenyewe ilikuwa kanuni mojawapo tu. Kulikuwa na orodha ya maneno ya msingi 1,500, na kulikuwa na sheria ya sentensi fupi, kila sentensi wazo moja. Jina la sasa, Learning English, lilikuja 2014.

Niliwasikiliza nikiwa Songea miaka ya themanini, redio ya betri nne, waya wa antena nimeuzungusha kwenye mwembe. Masafa mafupi sauti inakuja, inazama, inarudi. Ikizama unabaki unabahatisha neno lililoondoka nayo, ikirudi unajua kama ulipatia. Mpaka leo naamini ule mkwaruzo ulinifundisha kuliko msomaji mwenyewe. Ninyi mnasikiliza sauti safi mno, imechujwa kama maji ya chupa.

Sikio la Kufa (#6)
Shikamoo Mzee. Ngosha, hiyo ya kasi nimeijaribu kwa njia nyingine: BBC ya kawaida nimeishusha hadi 0.75 kwenye simu. Inakuwa kama mlevi anasoma taarifa ya habari. Na bado sielewi anachosema huyo mlevi.

Bibi Shajara (#7)
Sikio, huyo mlevi wako ameiweka pabaya hoja ya Ngosha.

Msomaji wa habari za wanafunzi haendi polepole tu. Anatenga kila neno na mwenzake, kama mama anayepanga nyanya mafungu sokoni. Msomaji wa kawaida anamwaga tenga zima. Ukipunguza kasi ya tenga linalomwagika hupati mafungu, unapata nyanya zinazomwagika polepole.

Mimi nilijitibu kwa imla. Kila usiku sekunde arobaini za habari ya kawaida, si zaidi. Daftari la mistari, ukurasa nimeugawa kwa rula: kushoto nilichosikia, kulia kilichosemwa, baada ya kuangalia maandishi yake. Sekunde hizo arobaini zilinichukua saa nzima wiki ya kwanza. Ukurasa wa tatu ninao hapa mbele yangu, nanakili kama ulivyo:

kushoto "a tall", kulia "at all"
kushoto "wudabin", kulia "would have been"
kushoto "asunaz", kulia "as soon as"
kushoto "alora", kulia "a lot of"

Ile ya kwanza habari ilikuwa ya ukame, kwamba mvua haikunyesha kabisa. Nikakaa namtafuta huyo mtu mrefu ni nani na ana uhusiano gani na mvua. Angalieni upande wa kulia: kuna neno gumu hata moja? Yote ni ya kidato cha kwanza. Sikukosa msamiati, nilikosa kuyatambua yakiwa yameshikana mikono.

Pilipili Kichaa (#8)
Huyo mtu mrefu anayezuia mvua namjua, ana deni langu.

Mwalimu wa Zamu (#9)
Bibi Shajara amesema kinachotokea, mimi niongeze kwa nini kinatupata sisi hasa.

Kiswahili karibu kila silabi inakwisha na irabu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "ninakuja" kila silabi ina mlango wake. Kiingereza kinaiegemea silabi moja na kuzitafuna zilizobaki. Sisi darasani tunasema "komfotebo", wao wanasema kitu kama "kamftbl". Sikio letu linakaa linasubiri irabu ambazo hazijapanda gari.

Halafu nani alitufundisha kusikiliza? Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nafundisha Kiingereza sekondari ya serikali. Mtoto anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Kiingereza anachosikia ni changu mimi, mtu wa Sumbawanga, na mimi nilikitoa kwa mwalimu wangu, mtu wa Sumbawanga vilevile. Kidato cha nne nilifanya 2006, somo la Kiingereza nikapewa karatasi. Sikusikilizishwa sauti hata sekunde moja. Mleta mada asijilaumu kwamba macho yanajua na masikio hayajui. Macho ndiyo yaliyopelekwa shule.

Mtu wa Mtito (#10)
Sasa Wabongo. Mimi ni Mkenya, nimesoma kwa Kizungu tangu nasari, na mwaka jana nilikaa kwa mkutano wa Zoom na jamaa wa Glasgow saa nzima nikitingisha kichwa tu. Kumbe alikuwa ananiuliza swali. Kwa hivyo Mwalimu, hiyo ya shule si jibu lote. Hata sisi mnaodhani tumezaliwa na hiyo lugha tunapigwa chenga.

Ngosha wa Kahama (#11)
Mkenya kukiri kwamba kuna Kiingereza hakijui! Admin funga uzi, tumeshafika.

Mtu wa Mtito (#12)
Ngosha wachana na mimi, rudi kwa kobe wako.

Kinuka Mori (#13)
Nimeacha karanga kidogo. Mwalimu wa Zamu usitupambe sana. Hayo ya kutafuna na sisi tunayo, tumeyazoea tu.

Nyumbani Moshi tuliwahi kukaa na kijana wa kujitolea kutoka Denmark. Alikuja na Kiswahili cha darasani, kizuri, kimenyooka kuliko changu. Siku ya pili mama akamwambia, "Saivi nshapika bana, njoo ule." Kijana akabaki kamtumbulia macho mama kama ameona jini. Alifundishwa "hivi sasa", "nimekwisha kupika", "bwana". Mama hakusema hata moja kati ya hayo. Jioni hiyo hiyo akakaa kusikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye redio na akatusimulia habari zote.

Kwa hiyo yeye alikuwa kinyume chako Sikio. Taarifa ya habari anaijua, mama yangu hamjui.

Mwalimu wa Zamu (#14)
Kinuka Mori hapo umenishika. "Saivi" ni ushahidi tosha. Ila bado, "saivi" imekula silabi na ikabaki na irabu za kushika. "Wudabin" imebaki na nini?

Kinuka Mori (#15)
Na "nshapika" je? Ile "n" ya mwanzo ina irabu gani?

Mwalimu wa Zamu (#16)
Hiyo "n" ni silabi kamili yenyewe, kama kwenye "nchi" na "mtu". Tusianze.

Kinuka Mori (#17)
Mwalimu, umeanza.

Nesi Mtarajiwa (#18)
Samahani kuwaingilia. Mimi nina swali tofauti kidogo na mleta mada. Najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nataka kwenda kufanya kazi nje, na kwenye kusikiliza napata alama ndogo kuliko sehemu zote. Nimekuwa nikisikiliza habari za wanafunzi kama yeye. Je, nimechagua njia sahihi?

Mara ya mwisho niliangukia sehemu ya kwanza, ile wanayosema ndiyo rahisi. Dada anapiga simu kukodi chumba, anataja namba ya simu na jina lake herufi kwa herufi. Alisema "double three", mimi nikaandika 23. Herufi "e" nikaandika "i", maana kwetu "i" ndiyo inasomwa hivyo! Nilipokuja kushtuka swali la tano limepita.

Bibi Shajara (#19)
Nesi, pole. Kwa mtihani huo habari peke yake hazitakutosha. Maswali 40, sehemu nne, na sauti inapigwa mara moja tu. Ya kwanza ni mazungumzo ya mambo ya kila siku, ya pili mtu mmoja anaeleza jambo, ya tatu ni watu wanajadiliana mambo ya masomo, ya nne ni mhadhara. Mtangazaji wa habari hakatizwi na mtu, hajirekebishi, hasemi "Tuesday, sorry, Thursday". Mtihani ndiko unakoficha mitego yake. Fanya imla ya namba, tarehe na majina kwanza. Mtu akusomee, kaka au dada, hata akiwa na lafudhi ya Tandika. Kwako tatizo la kwanza ni mkono kuchelewa kuandika.

Nesi Mtarajiwa (#20)
Asante dada. Kaka yangu ana lafudhi ya Mbeya, itabidi nimvumilie.

Dereva wa Ruwi (#21)
Salaam kutoka Muscat. Mimi sijasoma hata hizo habari za wanafunzi. Naendesha gari la hospitali moja ya binafsi huku mwaka wa sita. Kiingereza cha Mhindi nakisikia kama Kiswahili, cha Mfilipino vilevile, naweza kupokea simu usiku wa manane nikiwa na usingizi na nikafika mahali sahihi. Akija daktari Mwingereza naomba arudie mara tatu. Sasa mniambie, huyo Mhindi anasema polepole? Anasema kama cherehani. Anatamka kila neno peke yake? Hata kidogo. Ila nimekaa naye miaka sita.

Mimi naona ni mazoea ya sauti ya mtu, hayo mengine mnajichosha.

Mtu wa Uvira (#22)
Ndugu Dereva amesema kweli. Mimi natoka Uvira, sasa niko Louisville, Kentucky, Kiswahili changu cha Kongo mutanisamehe. Kabla ya kuja nilikuwa najifunza Kifaransa kwa redio, RFI, redio ya Ufaransa, iko na taarifa yao ya Kifaransa chepesi, dakika kumi kila siku, na ilinisaidia sana. Nikafikiri Kiingereza nitafanya vilevile. Nikasikiliza habari za wanafunzi mwaka muzima.

Siku ya kwanza kwenye kazi, ghala la mizigo, mukubwa wetu akaniambia neno moja: "Jeet?" Nikamwangalia. Akarudia: "Jeet yet?" Nikamuuliza mwenzangu wa Burundi, Jeet ni nani hapa kazini? Kumbe alikuwa ananiuliza kama nimekula. "Did you eat yet?" Maneno mane yamekuwa mbili! Hakuna mutangazaji wa habari duniani atasema "Jeet".

Pilipili Kichaa (#23)
Kwa hiyo tuna mtu mrefu anayezuia mvua, na Jeet ambaye hajala. Uzi huu unajaza watu.

Wakili wa Mtaa (#24)
Nimesoma wote. Mnazungumzia sauti, sauti, sauti. Hamjagusa kwamba taarifa ya habari ina Kiingereza chake.

Sikio, umesema ulisoma habari zile zile ukaelewa zote. Sawa, ila ulizisoma ukiwa na kichwa cha habari, picha, na muda wa kurudi nyuma. Kwenye redio neno linakuja likiwa uchi. Chukua "bill". Wewe unalijua la hotelini, la kulipia. Kwenye habari za bunge ni muswada. Chukua "toll". Wewe unawaza barabara ya kulipia, wao wanahesabu waliokufa. Kuna "row", Waingereza hawaishi kulitumia. Wewe umelisoma "roo", mstari. Wao wanatamka "rau", na maana yake ni mzozo. Umeliona kwa macho mara mia ukalielewa kwa muktadha, na sikio likapigwa "rau" likaona ni neno jipya.

Na kwa nini ulishika jina la mchezaji? Kwa sababu mpira unaujua tayari. Fanya jaribio: asubuhi sikiliza taarifa ya Kiswahili, ya BBC au ya DW, kisha ndani ya saa moja sikiliza ya Kiingereza. Habari za dunia ni zile zile. Utashangaa Kiingereza chako kimepanda ghafla bila kujifunza neno.

Mzee wa Masafa Mafupi (#25)
Wakili, hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu. BBC ya Kiswahili ipo tangu tarehe 27 Juni 1957, imewatangulia hao wa Special English kwa miaka miwili na ushei. Tulikuwa tunasikiliza Kiswahili kwanza, tunabishana kidogo, kisha tunageuza kitasa kutafuta Kiingereza. Aliyekuwa hajasikia ya Kiswahili ya Kiingereza hakuambulia.

Bibi Shajara (#26)
Nakataa, kwa heshima zote Mzee. Ukishaijua habari, kinachofuata si kusikia, ni kubashiri. Unasikia "president" na "Thursday", kichwa kinajaza mengine, unajipongeza. Siku ikija habari usiyoijua unarudi ulikotoka. Nesi hapo juu nani atamsimulia kwa Kiswahili kabla ya mtihani?

Wakili wa Mtaa (#27)
Na kusikia ni nini kama si kubashiri? Konda wa daladala anapita akipiga kelele "Mboto Mboto Mboto", wewe unasikia Gongo la Mboto. Hakusema Gongo. Umelijaza wewe, kwa sababu umesimama kituoni na unajua gari zinakokwenda. Mlete yule kijana wa Denmark wa Kinuka Mori pale Buguruni, atamuuliza konda "mboto" ni tunda gani.

Bibi Shajara (#28)
Mfano wako mzuri, ila unanisaidia mimi. Abiria amelisikia Gongo la Mboto lote mara elfu ndipo akaweza kujaza. Sikio hajasikia "would have been" likitamkwa kikawaida hata mara hamsini. Atajaza kwa nini?

Wakili wa Mtaa (#29)
Sawa. Lakini imla ya sekunde arobaini kwa saa nzima nani mwenye muda huo, wewe una mume?

Bibi Shajara (#30)
Ninaye, analala mapema.

Ngosha wa Kahama (#31)
Jamani, mimi bado nipo. Mzee nimekubali marekebisho ya mwaka. Ila mkumbuke mimi nilitoboa kwa kasi, sikufanya imla wala sikusikiliza Kiswahili kwanza. Mnanieleza vipi mimi?

Mtu wa Mtito (#32)
Ngosha, umetoboa hadi wapi? Unasikia nini saa hii?

Ngosha wa Kahama (#33)
Nasikia kasi ya juu kabisa ya Breaking News English bila maandishi.

Mtu wa Mtito (#34)
Hiyo si ndio shida ya mleta mada word kwa word? Nenda ufungue redio ya kawaida urudi utuambie.

Ngosha wa Kahama (#35)
Narudi.

Mama Kayumba (#36)
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. VOA Learning English nikifungua naona habari za zamani tu, hakuna mpya. Ni simu yangu au?

Mzee wa Masafa Mafupi (#37)
Si simu yako mama. Machi 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuibana taasisi inayoisimamia VOA, wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima na matangazo yakanyamaza. Yaliyorekodiwa nyuma yamebaki, na kwa kujifunza kusikiliza hayajaharibika. Habari ya 2016 ina vitenzi vile vile. Niseme ukweli, nilipoona ule ukimya nilijisikia kama nimefiwa na jirani ambaye sikuwahi kumsalimia.

Mama Kayumba (#38)
Asante baba. Na bando je, ipi inakula kidogo?

Sikio la Kufa (#39)
Mama Kayumba, pakua sauti peke yake kwenye Wi-Fi ya mtu, achana na video. Kipindi cha dakika sita ni MB chache tu. Mimi napakua vya wiki nzima ofisini Ijumaa, bosi asione uzi huu.

Sasa wakuu, nimerudi na ripoti. Wiki moja nimejaribu ya Wakili asubuhi na ya Bibi Shajara usiku.

Ya Wakili: kweli, nikisikiliza Kiswahili kwanza naelewa kama nusu ya taarifa ya Kiingereza. Jumatano nikaiacha kusudi, nikarudi kwenye "billion" na "Thursday".

Ya Bibi Shajara: nilianza na sekunde arobaini nikashuka hadi kumi na tano. Daftari langu lina aibu kuliko lake. Kushoto nimeandika "the prime minister sister government". Nikajua kuna kashfa ya dada wa waziri mkuu. Kulia: "the prime minister says the government". "Says the" imekuwa "sister"! Nimerudia kuisikiliza, na naapa hata sasa, nikijua kabisa, bado namsikia dada. Kingine nilichogundua ni cha aibu zaidi: sauti ikifika sekunde ya nane akili inabaki kwenye neno lililonishinda sekunde ya tatu. Yaliyofuata siyasikii, si kwa sababu ni magumu, sipo.

Nesi Mtarajiwa (#40)
Hilo la mwisho ndilo langu! Swali la tano lilipita nikiwa bado namlilia "double three".

Dereva wa Ruwi (#41)
Sikio, hiyo ni kama kuendesha ukiangalia shimo ulilokwisha kulipita. Liache lipite.

Ngosha wa Kahama (#42)
Nimerudi. Nimefungua World Service dakika tano.

Mtu wa Mtito (#43)
Na?

Ngosha wa Kahama (#44)
"Thursday" nimeisikia.

Pilipili Kichaa (#45)
Hahaha! Nimecheka kwa sauti msibani, mungu anisamehe.

Ngosha wa Kahama (#46)
Lakini yule alikuwa mwanamke wa Ireland au wapi sijui. Akisoma mwanamume wa London nasikia zaidi. Kwa hiyo Dereva wa Ruwi ndiye mshindi, ni mazoea ya sauti.

Mwalimu wa Zamu (#47)
Ngosha umehama chama bila barua. Umejuaje kama ni wa Ireland na hukusikia alichosema?

Sikio la Kufa (#48)
Kabla hamjatoana roho, nisaidieni hili. Nimekata sekunde tano za taarifa ya biashara ya Kimarekani, nimeziambatanisha hapa chini. Mkulima wa mahindi anahojiwa, anasema "we can wait until spring" au "we can't wait until spring"? Maandishi yake hayapo. Nimesikiliza mara ishirini.

Bibi Shajara (#49)
Usiitafute "t" kwa Mmarekani, mara nyingi anaimeza hapo. Angalia irabu. "Can" ya kawaida inapita haraka, kama "kn". "Can't" irabu inakaa, inasikika nzima. Mwingereza hana shida hiyo, wengi wao "can't" ni "kaant", ndefu kama kamba ya ndoo.

Mimi nasikia irabu nzima. Ni "can't".

Wakili wa Mtaa (#50)
Ni "can". Sikilizeni alichosema kabla: bei iko chini, ghala analo. Mtu mwenye ghala anangoja.

Bibi Shajara (#51)
Au ana deni benki, hawezi kungoja.

Mtu wa Uvira (#52)
Nimemuuliza mukubwa wangu, yule wa Jeet. Amesikiliza mara mbili, akasema "can't". Halafu akasikiliza tena, akasema "hold on".

Mtu wa Mtito (#53)
Ni "can". Anaivuta kwa sababu anabishana na aliyemuuliza, kama mtu anayesema "tunaweza bwana!"

Mzee wa Masafa Mafupi (#54)
Nimeisikiliza kwa hedifoni za mjukuu. Ni "can't". Sauti ni safi mno ila mkulima mwenyewe ana mkwaruzo, nimempenda.

Ngosha wa Kahama (#55)
Mmejaribu kuishusha hadi 0.75?